Kodiani ya Babu: Tanga hadi Mwanza kwa siku tisa

Babu alifariki mwaka jana akiwa na miaka 89. Alianza kazi akiwa baharia wa jeshi, akawa fundi wa mitambo ya meli, akapanda hadi kuwa mhandisi, na kila jioni aliyokuwa nchi kavu alikuwa mpiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta. Kwa muziki hakulipwa hata senti. Tanga ya enzi zake ilikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vilivyojulikana pwani nzima, naye hakuwa katika kimojawapo. Aliwapigia jamaa, alipiga kwenye harusi za mtaani kwetu Ngamiani, na mara nyingi aliupigia ukuta wa uani.

Baada ya arobaini tulifungua kasha lake. Mlikuwa na picha moja, daftari la jalada gumu na wasia wa ukurasa mmoja. Sentensi ya mwisho ya wasia ilisema: "Kodiani yangu apelekewe mwenzangu wa kushoto." Jina hakuna. Na ndani ya jalada la daftari, kwa wino wa buluu, kulikuwa na mistari miwili:

Kl 153624
Ksh 142635

Mjomba aliposoma mstari wa pili alishika kichwa. Ksh ni shilingi za Kenya, na Babu alifanya kazi Kenya miaka ishirini na mitatu, basi hilo ni deni. Shilingi 142,635 za Kenya ni karibu milioni tatu za kwetu, na deni la marehemu hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa. Bibi alisema mumewe hakuwahi kukopa hata kiberiti. Hata hivyo wazo la deni likishaingia kwenye nyumba ya msiba halitoki hivihivi. Nilikuwa na likizo ya wiki mbili, nikasema nitakwenda mimi. Haya nimeyaandika nikiwa nyumbani tena, kwa msaada wa picha za simu na vijikaratasi nilivyojaza njiani.

Siku ya 1: Tanga – Horohoro – Mombasa

Kodiani ya Babu ni ya zamani, ya kampuni ya Hohner, ndani ya sanduku la mbao alilolichonga mwenyewe. Tuliipima kwenye mizani ya bucha: kilo kumi na tatu na nusu pamoja na sanduku. Konda alitaka kulisukuma kwenye buti. Nilikataa, kwa sababu zile ndimi za chuma zinazotoa sauti zimegandishwa kwa nta, na buti la basi mchana kutwa ni tanuri. Nililipa viti viwili. Sanduku lilikaa dirishani, mimi nikakaa upande wa njia.

Tanga hadi Horohoro ni kilomita 65 za lami nzuri. Mpakani nilipitia mambo matatu: pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na afisa wa forodha aliyetaka sanduku lifunguliwe. Akauliza, "Ni biashara?" Nikamjibu, "Ni wasia." Aliiangalia kodiani, akaniangalia, akafunga vishikizo kimoja kimoja yeye mwenyewe, taratibu. "Pole sana, dada."

Kwa atakayevuka na chombo cha muziki: kipige picha kabla hujaondoka nyumbani, pamoja na namba yake kama inayo, ili wakati wa kurudi uweze kuonyesha kwamba ulitoka nacho.

Jioni tulikuwa Likoni. Mtembea kwa miguu halipi kwenye kivuko, lakini watu ni wengi na mteremko ni mkali. Kijana mmoja aliona ninavyohangaika, akabeba sanduku begani bila kuuliza, akalishusha ng'ambo kwenye kisiwa. Nilipotoa pesa alishaondoka.

Katikati ya maji niligeuka kushoto kutazama bandari ya Kilindini, na ng'ambo ya pili upande wa Mtongwe ilipo kambi ya jeshi la wanamaji la Kenya. Kambini raia haingii, wala usijaribu kupiga picha. Mimi nilitoa picha ya Babu tu. Amevaa sare nyeupe na kofia ya utepe, nyuma yameandikwa "Kilindini 1956." Jeshi alilotumikia halipo tena. Liliitwa Royal East African Navy, makao yake yalikuwa hapa Mombasa, na gharama zake zilibebwa na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja. Lilivunjwa mwaka 1962. Jeshi la wanamaji la Kenya lilikuja kuundwa tarehe 12 Desemba 1964, na wakati huo Babu alishavua sare.

Meli aliyoitaja sana ni Rosalind, meli ya mtindo wa kuvua samaki iliyojengwa kwa ajili ya vita. Ilikuwa na mashine ya mvuke ya silinda tatu. Nilipokuwa na miaka saba hivi alinieleza kwa bakuli tatu za Bibi: ndogo, ya kati na kubwa. Mvuke ukitoka kwenye boila una nguvu nyingi, kwa hiyo unaingia silinda ndogo. Ukishaisukuma unapungua nguvu, lakini haujaisha, unaingia ya kati. Kisha unaingia ile kubwa, kwa sababu mvuke uliopungua nguvu unahitaji eneo pana zaidi la kusukuma. Mvuke mmoja, kazi mara tatu. Alikuwa akizigonga zile bakuli kwa kijiko, kila moja na mlio wake, hadi Bibi akaja kuzichukua.

Siku ya 2: Mji wa Kale

Dhana yetu ya kwanza nyumbani ilikuwa kwamba "mwenzangu wa kushoto" ni mpigaji aliyekaa kushoto kwake kwenye safu ya wanamuziki. Kwa hiyo asubuhi, baada ya mahamri na mbaazi, nilianza kuulizia watu wa taarabu wa zamani. Baraza ya kwanza ilinipeleka ya pili, ya pili ikanipeleka kwa mwalimu mstaafu wa muziki anayetengeneza vyombo kwenye chumba cha chini cha nyumba yake.

Nilimwamkia, nikamweleza. Aliniambia, "Mwanangu, huyo wa kushoto simjui. Lakini hebu nimwone mgonjwa kwanza." Akaiweka kodiani mezani.

Mvukuto ulikuwa unavuja. Aliufungua mkunjo kwa mkunjo chini ya taa, na kwenye kona ya mkunjo wa sita akasimamisha kidole. Palikuwa na kiraka cha kijivu, kidogo kama stempu, kingo zake zimekwanguliwa hadi zikawa nyembamba ili mvukuto ukifungwa kisiuinue. Alikinusa. "Hii si ngozi wala kitambaa," akasema. "Ni gasketi ya mashine. Na aliyeikata ameikata kama mtu anayeogopa mafuta yasipite." Kiraka hicho kilikuwa kizima. Kilichokuwa kinavuja ni kona ya jirani. Aliibandika kwa ngozi, akakiacha kile cha Babu palepale.

Kisha nikamwonyesha daftari. Aliisoma ile mistari miwili, akachukua karatasi akaandika tena, akatulia kimya kwa muda.

"Nani kawambia hili ni deni? Tazama. Mstari wa kwanza una moja mpaka sita, kila tarakimu mara moja. Wa pili vilevile. Pesa gani hiyo?" Akaendelea: "Na huu wa pili ni ule wa kwanza ukirudi nyuma. Anzia kwenye moja, rudi: moja, nne, mbili, sita, tatu, tano."

Nilihesabu kwa kidole. Kweli.

Akasema tarakimu zinaweza kusimama mahali pa sauti, moja ikiwa do, mbili re, hadi sita la. Akavaa mikanda ya kodiani akapiga mstari wa kwanza: do, so, mi, la, re, fa. Akaurudia, mara hii kwa mwendo wa haraka kidogo.

Nilikaa chini kwenye kiti cha vifaa vyake. Huo ndio mluzi Babu alioupiga kila alfajiri akinawa miguu uani. Nimeusikia maisha yangu yote. Sikujua kwamba una mahali ulipoandikwa.

Mwalimu alibandika vipande sita vya karatasi kwenye vibonye, 1 hadi 6, akanifundisha kuubonyeza mpaka vidole vikazoea. Kwa ukarabati wa saa tatu alinitoza shilingi 500, na nadhani hata hizo alizitaja ili nisione haya.

Usiku nilimpigia Mjomba. Alisema wimbo ni wimbo, lakini Ksh ni Ksh, niendelee.

Siku ya 3: Mombasa – Nairobi kwa treni

Treni ya saa tisa mchana, daraja la kawaida, shilingi 1,500. Malipo yalikuwa kwa simu, na mimi sikuwa na laini ya Kenya. Mama mmoja aliyekuwa anasafiri na wajukuu alinilipia kwa simu yake, nikampa noti. Ukitoka Tanzania, shughulikia laini na tiketi siku moja au mbili kabla, hasa mwisho wa wiki na wakati shule zinafungwa. Kituo cha Miritini kiko mbali na mjini, na kabla ya kuingia mizigo hupangwa mstari ikanuswa na mbwa. Fika mapema.

Mbwa alisimama kwenye sanduku la kodiani muda mrefu kuliko mizigo mingine. Askari aliliagiza lifunguliwe, akacheka kidogo kwa mshangao, akauliza kama naweza kupiga. Nikabonyeza vile vibonye sita. Watu waliokuwa mstarini wakapiga makofi, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupiga kitu mbele za watu.

Tsavo tuliona tembo wekundu kwa vumbi. Saa mbili na ushei usiku tukashuka Syokimau.

Siku ya 4: Nairobi – Kisumu

Basi, kutwa nzima, mvua Bonde la Ufa. Hakuna cha kusimulia.

Siku ya 5: Kisumu

Reli ilifika hapa Desemba 1901, na mji ulianza ukiitwa Port Florence. Kwa miaka mingi treni ilimwaga abiria na mizigo gatini, meli zikachukua kuzunguka ziwa: Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell. Jeshi lilipovunjwa mwaka 1962 Babu alikuja huku kuajiriwa na shirika la reli na bandari la Afrika Mashariki, upande wa meli. Ndipo alipouacha mvuke akajifunza dizeli. Alisoma usiku, akafanya mitihani, akapanda cheo. Bibi alimfuata, na mama yangu alizaliwa kwenye kota za reli.

Dhana yetu ya pili ilikuwa kwamba wa kushoto ni jirani wa nyumba ya kushoto pale kotani. Bibi alinichorea ramani: mwembe, bomba la maji, mlango wa tatu. Mwembe upo. Mzee aliyekuwa anafua viatu nje alisikiliza hadithi yangu, akanipeleka kwa miguu hadi kwa binti wa yule jirani, mama wa makamo anayeuza samaki karibu na ufuo. Nilipotaja jina la Bibi aliacha kisu.

Hapo nilisikia habari ambayo nyumbani iliishia kutajwa kwa sentensi moja. Februari 1977 Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huohuo. Siku hiyo Babu alikuwa kazini na meli, upande wa Mwanza. Hakurudi Kisumu. Bibi alibaki kotani na watoto wanne, bila mshahara, na ilimchukua miezi hadi kupata njia ya kumfuata kwa kuzunguka. Alibeba watoto na bahasha ya vyeti. Kodiani alimwachia jirani.

"Mama aliiweka juu ya kabati," yule mama alisimulia, "akaweka majivu chini kwa sababu ya mchwa. Kila Jumamosi alikuwa akiitoa, anavuta huo mfuko mara mbili, tatu, anairudisha. Aliambiwa na nyanya yako kwamba ikikaa bila kupumua itakufa. Hatukuruhusiwa kuigusa." Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Mwaka uliofuata Babu alikuja kuichukua. Karibu miaka saba, Jumamosi baada ya Jumamosi, mtu asiyejua kupiga aliivutia pumzi.

Nilimuuliza kuhusu deni. Akatikisa kichwa. "Babu yako alimletea mama yangu gunia la mchele na kitenge. Alitaka kumpa pesa, mama akakataa. Sisi hatudai." Na nyumba yao, akasema, ilikuwa kulia.

Alinikaangia samaki mzima wa aina ya ngege, akamweka kwenye mchuzi wa nyanya, na ugali. Hakutaka kusikia habari ya malipo. Nilimwachia nakala ya picha ya Babu.

Siku ya 6: Kisumu – Migori

Panga kufika Sirari, mpakani pa kurudia Tanzania, mapema. Mimi nilipanga hivyo, na basi dogo nililopanda likaharibika baada ya Kisii. Lilianza kutetemeka mlimani, moshi mweupe, nguvu hakuna. Dereva aliegesha, akaitwa fundi kwa pikipiki.

Nilisimama karibu nikatazama. Fundi aliiacha injini ikinguruma, akashika spana, akalegeza nati ya bomba la dizeli linaloingia silinda ya kwanza. Mlio ulidondoka. Akaikaza, akaenda ya pili, mlio ukadondoka. Alipolegeza ya tatu, mlio haukubadilika hata kidogo. "Ndiyo hii," akasema, "hii haikuwa inafanya kazi, ndiyo maana nikiilegeza hakuna tofauti." Hakuwa na kifaa chochote cha kupimia zaidi ya sikio. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, macho yamefumba nusu, vilevile Babu alivyokuwa akiinama juu ya kodiani akitafuta ulimi uliolegea. Nilimuomba nimpige picha, ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote za safari hii.

Nozo mpya, ile ncha inayopulizia dizeli ndani ya silinda, ilifika baada ya saa tatu. Abiria mmoja mwenye ndizi alizigawa basi zima. Nililala Migori kwenye gesti safi, yenye maji ya moto kwenye ndoo.

Siku ya 7: Migori – Sirari – Mwanza

Mpaka wa Isebania na Sirari ulikuwa mwepesi kuliko Horohoro. Badilisha pesa kidogo tu hapo, za nauli na chakula, na uhesabu noti ukiwa bado umesimama mbele ya mbadilishaji. Tarime, Bunda, Lamadi, ziwa likionekana na kupotea upande wa kulia. Tuliingia Mwanza jua likizama, mawe makubwa yakiwa yamebebana juu ya vilima kama yalipangwa na mtu.

Siku ya 8: Bandarini

Ofisi ya kwanza niliyoingia waliniambia kwa upole kwamba bila jina hawawezi kunisaidia, na walikuwa na haki. Nilikaa nje kwenye benchi la mama lishe, nikaagiza chai na maandazi, sanduku kati ya miguu. Akauliza limebeba nini. Nikamweleza yote: wasia, deni, kushoto.

"Wastaafu wa meli ndio wateja wangu," akasema. Akapiga simu tatu. Kwa kila simu alikuwa anasema tu, "Mnamkumbuka yule mzee wa Tanga mwenye kinanda cha kuvuta?" Simu ya tatu alicheka, akanipa karatasi yenye maelekezo ya Igogo.

Mchana ulikuwa umebaki, nikatembea hadi pa kuonea MV Victoria. Ilianza kazi ziwani mwaka 1961, na tangu 2020 imerudi majini baada ya matengenezo makubwa, injini mpya, ikiitwa New Victoria. Babu aliifanyia kazi miaka ya mwisho kabla ya kustaafu. Nilitaka kuisikia ikiondoka kuelekea Bukoba lakini haikuwa siku yake. Ratiba hubadilika, kwa hiyo ulizia dirishani bandarini siku hiyohiyo.

Siku ya 9: Igogo

Bajaji huishia chini. Baada ya hapo ni ngazi zilizochongwa kati ya mawe, na kilo kumi na tatu na nusu nilizihisi zote. Watoto wawili walishika mpini wa upande mmoja mpaka juu.

Mzee alikuwa amekaa kivulini, redio imezimwa mapajani. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Mkwewe aliniambia niende upande wake wa pili, sikio la kulia limekufa kabisa, la kushoto limebaki kidogo. Miaka thelathini ya chumba cha injini. Nikazunguka, nikapiga magoti, nikasema mimi ni mjukuu wa nani, na kwamba Babu ametangulia.

Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakaa hivyo. Kisha akasema, "Nilijua. Mwaka mzima hajapiga simu."

Nikafungua daftari. Aliisogeza mbali na macho, akaisoma, na kidole chake kikaanza kugonga mkono wa kiti: moja, tano, tatu, sita, mbili, nne. "Hii ni ya babu yako. Kulia." Akabadilisha kidole. "Moja, nne, mbili, sita, tatu, tano. Hii ni yangu. Kushoto."

Alinieleza polepole, kama anayefundisha kijana aliyeanza kazi jana. Injini ya silinda sita haiwaki moja, mbili, tatu kwa kufuatana. Ikiwaka hivyo itajitikisa na kuichosha shafti, yaani mhimili unaozungushwa na silinda, nguvu yote ikianzia upande mmoja. Kwa hiyo silinda zinapeana zamu: ya kwanza, kisha ya tano kule mwisho, kisha ya tatu, na hivyo hivyo hadi mzunguko uishe. Meli yao ilikuwa na propela mbili, moja ikizunguka kulia na ya pili kushoto, ili moja isiivute meli pembeni. Injini ikizunguka kinyume, zamu zake nazo husomwa kinyume. Babu alisimamia injini ya kulia, yeye ya kushoto, zamu ya saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, miaka na miaka. Mle ndani huwezi kuzungumza. Walikuwa wakigongana kwa spana kwenye reli ya ngazi kupeana habari.

"Saa kumi tukitoka, yeye anakwenda nyuma ya meli na hiki kinanda chake. Anapiga injini yake. Mimi najibu kwa mdomo, ya kwangu. Ndiyo wimbo wetu. Wapishi walikuwa wanatutukana."

"Na deni, babu? Shilingi laki moja arobaini na mbili elfu..."

Hakuelewa. Nilimwonyesha herufi. Ksh. Akazitazama.

"Ku-sho-to," akasema.

Nilimpigia Mjomba hapohapo. Nilisema, Ksh ni kushoto, Kl ni kulia. Upande wa pili kulikuwa na ukimya, kisha akasema "Alhamdulillahi" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nyuma yake nikamsikia Bibi: "Niliwaambia."

Mzee aliomba nipige. Nikasema sijui, nimefundishwa vibonye sita tu. "Hivyo hivyo sita." Nikavaa mikanda. Aliinama akaweka sikio la kushoto kwenye ubao wa kodiani, kiganja kwenye mvukuto. Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu ilitoka, nikaizungusha tena bila kusimama, na ndipo akaanza kujibu, sauti imepasuka, do, fa, re, la, mi, so, sauti zake zikipishana na zangu njiani na kukutana tena kwenye do. Mkwewe alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

Tulipomaliza alikagua mvukuto, mkunjo kwa mkunjo. Kwenye wa sita akakiona kiraka. Alikipapasa kwa ukucha. "Hii gasketi nilimkatia mimi kipande," akasema. "Alikaa nayo zamu nzima akiikwangua kwa wembe."

Kodiani imebaki Igogo. Daftari nimerudi nalo. Nilimwachia picha ya ule ukurasa, mkwewe akaibandika ukutani juu ya redio.

Kurudi

Mabasi mawili na usiku mmoja Dodoma, mgongo umekwisha. Ukiweza, gawa safari hiyo, usiifanye kwa mkupuo.

Bibi alinipokea barazani. Aliuliza jambo moja: kama ameipokea kwa mkono wake mwenyewe. Nikasema ndiyo, wa kushoto. Chini ya dirisha la chumba chao, pale sanduku lilipokaa miaka yote, palikuwa na mraba kwenye sakafu ambao haujawahi kukanyagwa, mwekundu bado kwa rangi ya zamani. Kesho yake nilipoamka nilikuta ameusugua kwa maji na sabuni, na amesogeza cherehani yake pale.